George de Hevesy: Msee Aliyemnyaka Mama wa Keja kwa Mionzi, Leo Ujanja Wake Unasaka Saratani ya Mapafu

Taja Mulot ndani ya mat yoyote ya Nairobi uone vile watu watashika simu zao. Hiyo town ndogo kwa mpaka wa Bomet na Narok imebebeshwa jina la SIM swap mpaka wenyewe wamechoka. Makachero wa DCI wamepiga kambi huko mara si moja. Lakini ukweli usemwe: wengi wa watu wa Mulot ni wakulima, wafugaji, watu wa duka na wa boda ambao hawajawahi kugusa laini ya mtu.

Leo tunaazima huo ujanja wa laini kidogo, kwa sababu kuna buda wa kitambo aliyefanya swap kubwa kuliko zote na hakuiba hata ndururu. Yeye aliswap atomi. Kwa sababu yake, leo daktari anaweza kutuma kachero mdogo ndani ya damu ya mgonjwa, amfuate mpaka kwa uvimbe ulio kwenye mapafu, na hata aanze kujua ni jeni gani imeharibika hapo ndani, bila kupasua kifua.

Jina lake ni George de Hevesy. Shuleni pengine hukumsikia, maana vitabu vyetu vinamjua Marie Curie na Einstein na vinaishia hapo. Lakini stori ya huyu msee ina kila kitu: doh, vita, dhahabu, dishi lililolala na mama wa keja aliyedhani ni mjanja.

Mtoto wa masonko

Hevesy alizaliwa tarehe 1 Agosti 1885 jijini Budapest, Hungaria, wakati nchi hiyo ilikuwa sehemu ya milki ya Austria na Hungaria. Familia yao ilikuwa na asili ya Kiyahudi lakini ilifuata Ukatoliki, na ilikuwa imeomoka vibaya sana. Walikuwa watoto wanane nyumbani, na mfalme alikuwa ameipa familia hiyo cheo cha heshima.

Mtoto wa aina hiyo angeweza kuchill maisha yote akila urithi. Yeye akapenda kemia. Alisomea Budapest, akaenda Berlin, kisha Freiburg huko Ujerumani, ambako alipata udaktari wa falsafa mwaka wa 1908. Baada ya hapo akazungukazunguka: Zurich, Uswisi, halafu Karlsruhe kwa Fritz Haber, halafu mwaka wa 1911 akatua Manchester, Uingereza.

Manchester ndiko mambo yalikuwa yanachemka. Boss wa maabara alikuwa Ernest Rutherford, jamaa kutoka New Zealand ambaye tayari alikuwa na Nobel, na mwaka huo huo wa 1911 ndio alieleza dunia kwamba atomi ina kiini kidogo kizito katikati. Kila kijana aliyekuwa na kichwa cha sayansi alitaka kuwa kwa hiyo mbogi. Mwaka uliofuata alifika kijana mwingine kutoka Denmark, Niels Bohr, na yeye na Hevesy wakawa mabeshte wa kufa na kuzikana.

Job iliyomshinda

Sasa Rutherford alikuwa na ngori moja. Serikali ya Austria ilikuwa imempa mzigo wa mamia ya kilo za risasi. Si risasi ya bunduki, ni ile metali nzito inayowekwa kwa betri za gari. Mzigo huo ulitoka kwa migodi ya Joachimsthal, na ndani yake kulikuwa na kitu chenye mionzi kilichoitwa radiamu D. Rutherford alitaka hiyo radiamu D peke yake. Hiyo risasi nyingine yote ilikuwa inamzibia njia.

Akamwita Hevesy na kumwachia changamoto: kama wewe ni mkemia wa maana, nitenganishie hivi vitu viwili.

Hevesy akaingia kazini. Akajaribu asidi hii, akajaribu chumvi ile, akachemsha, akachuja, akagandisha. Alitumia karibu miaka miwili kwa hiyo kazi. Kila akitoa risasi, radiamu D inatoka nayo. Kila akiacha risasi nyuma, radiamu D inabaki nayo. Hakuna njia ya kemia iliyoweza kuwaachanisha.

Kwa lugha rahisi, job ilimshinda. Na alikuwa ameshindwa mbele ya boss aliyekuwa anaogopwa Ulaya nzima.

Namba ni ile ile, kadi ni tofauti

Hapa ndipo stori inageuka, na hapa ndipo ule ujanja wa laini unatusaidia.

Mtu akiswap laini yako, namba inabaki ile ile. Mtandao ukiangalia unaona ni wewe. Mathe akipiga, anadhani anakupigia. M-Pesa ikiingia, inaingia kwa hiyo namba. Kilichobadilika ni kadi iliyo ndani ya simu, na mtandao hauna habari.

Atomi nazo zina namba. Kila risasi duniani ina namba 82. Kemia ni kama mtandao: inaangalia namba tu. Lakini atomi mbili zinaweza kuwa na namba moja na uzito tofauti ndani ya kiini. Moja imetulia, haina shida na mtu. Nyingine kiini chake hakijatulia, kinatoa mionzi kila kikivunjika. Mwaka wa 1913 mwanasayansi Frederick Soddy aliwapa ndugu wa aina hiyo jina: isotopu.

Ile radiamu D iliyomsumbua Hevesy ilikuwa risasi. Namba 82 kama zile zingine, ila kadi tofauti. Ndiyo maana asidi zote za Manchester hazikuweza kuitenga. Alikuwa ametumwa kutenganisha risasi na risasi.

Wengi wangekata tamaa, wapake mtu matope, wahame. Hevesy akajiuliza swali tofauti: kama siwezi kuzitenganisha, na kila mahali risasi inaenda huyu ndugu yake mwenye mionzi anaenda naye, si basi nimtumie kufuatilia?

Ebu fikiria ng'ombe mia moja wameingia msituni kule Mau. Huwaoni. Lakini mmoja amefungwa kengele shingoni. Ukisikia kengele, unajua kundi liko wapi, linapanda au linashuka, limesimama mtoni au limeingia shambani kwa mtu. Huhitaji kufyeka msitu.

Hevesy aliifunga risasi kengele. Mwaka wa 1913, akiwa Vienna na mwenzake Fritz Paneth, alichanganya chembe za radiamu D na risasi ya kawaida ili kupima jinsi chumvi za risasi zinavyoyeyuka kwenye maji. Kiasi kilikuwa kidogo mno kwa mizani yoyote ya wakati huo, lakini mionzi iliongea. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kisayansi ya kile tunachokiita leo tresa, yaani atomi-kachero: unaituma ndani, inajichanganya na wenzake, na wewe uko nje unaifuata kwa mionzi yake.

Mama wa keja na dishi la Jumapili

Kuna stori nyingine ya siku za Manchester ambayo Hevesy mwenyewe aliisimulia akiwa mzee, na ndiyo inafanya watu wampende.

Alikuwa amepanga chumba kwa nyumba ya kulala na kula. Mama mwenye nyumba ndiye alipika. Hevesy akaanza kushuku kwamba nyama iliyobaki Jumapili inarudi mezani katikati ya wiki ikiwa imebadilishwa sura. Alipomuuliza, mama akakana kabisa. Kila siku dishi ni freshi, ndivyo alivyodai.

Siku moja Hevesy alibakisha chakula kwa sahani na akakinyunyizia chembe ya kitu chenye mionzi wakati hakuna mtu anaangalia. Siku chache baadaye, dishi jipya likaletwa. Akatoa kifaa kinachoitwa elektroskopu, chenye vijikaratasi vyembamba vya dhahabu vinavyoachana vikipewa chaji na kurudiana mionzi ikikaribia. Vijikaratasi vikarudiana. Nyama ilikuwa ile ile.

Mama wa keja akanyakwa, na hakuwa na la kusema. Wengi husema hilo ndilo jaribio la kwanza la tresa kwa chakula duniani. Usijaribu kwa hosteli yenu. Siku hizi hiyo ni kesi, na hata wakati huo haikuwa salama.

Lakini angalia alichofanya: hakuingia jikoni, hakuvunja sufuria, hakumpekua mtu. Aliweka alama, akangoja, akasoma ilikotokea. Ni njia ile ile inayotumika hospitali leo.

Kutoka maharagwe mpaka mifupa

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimrudisha kwa jeshi la Austria na Hungaria, akafanya kazi za kiufundi. Baada ya vita Budapest ikawa moto, siasa ikaingia mpaka vyuoni. Beshte yake Bohr akamwita Copenhagen, na mwaka wa 1920 akahamia huko.

Copenhagen ilimfaa. Yeye na Dirk Coster kutoka Uholanzi waligundua elementi mpya, namba 72, na mwaka wa 1923 wakaitangaza kwa jina hafniamu, kutokana na jina la Kilatini la mji wa Copenhagen. Hiyo peke yake ingetosha kumweka kwa vitabu.

Lakini kengele yake hakuiacha. Mwaka huo huo wa 1923 alichukua mimea ya maharagwe, akaiweka kwa maji yenye risasi ya mionzi, kisha akapima mizizi, shina na majani. Kwa mara ya kwanza mtu alifuata kwa mionzi jinsi mmea hai unavyobeba kitu kutoka mizizi mpaka juu. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakafanya hivyo kwa wanyama. Mwaka huo wa 1924 pia alioa, akamchukua Pia Riis, binti wa Denmark, na wakapata watoto wanne.

Shida ilikuwa moja: risasi ni sumu, na mwili wetu hauitaki. Ukitaka kujua mwili unafanyaje kazi, unahitaji kachero anayefanana na vitu ambavyo mwili unavipenda. Mwaka wa 1934 ndio mlango ulifunguka. Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot walionyesha huko Paris kwamba unaweza kutengeneza isotopu zenye mionzi kwa mkono. Sasa fosforasi, kitu kilicho ndani ya kila mfupa, ingeweza kufungwa kengele.

Hevesy alikuwa profesa Freiburg tangu 1926, lakini Hitler alipoingia madarakani na Wanazi wakaanza kuwafukuza watu wenye asili ya Kiyahudi, akaondoka mwaka wa 1934 na kurudi Copenhagen. Mwaka huo yeye na mwenzake walikunywa maji mazito, yale yenye hidrojeni nzito isiyo na mionzi, wakapima mkojo wao ili kujua maji hukaa mwilini muda gani. Jibu: kwa wastani karibu wiki mbili.

Mwaka wa 1935, yeye na daktari aitwaye Chiewitz waliwapa panya fosforasi yenye mionzi. Kila mtu alidhani mfupa ukishakomaa umetulia kama jiwe. Kumbe zii. Fosforasi ilikuwa inaingia na kutoka kwa mifupa kila siku. Mfupa wako wa leo unajengwa na kubomolewa ukiwa umekaa tu. Hakuna kisu kingeweza kuonyesha hivyo, maana kisu kinaonyesha kilichopo na hakionyeshi kinachosonga.

Dhahabu ndani ya chupa

Sasa tufike kwa ile sehemu inayofaa kuwa sinema.

Wanasayansi wawili wa Ujerumani, Max von Laue na James Franck, walikuwa wamepeleka medali zao za Nobel kwa taasisi ya Bohr huko Copenhagen ili Wanazi wasizichukue. Medali zilikuwa za dhahabu na majina yao yalichongwa juu. Kutoa dhahabu nje ya Ujerumani wakati huo ilikuwa kosa kubwa.

Tarehe 9 Aprili 1940 wanajeshi wa Ujerumani wakaingia Denmark. Wakipata hizo medali, von Laue, ambaye bado alikuwa Ujerumani, amekwisha. Hevesy akafikiria kuzizika. Bohr akaona zitafukuliwa. Basi Hevesy akachukua mchanganyiko wa asidi ya naitriki na asidi ya haidrokloriki, ule unaoweza kumaliza dhahabu, akaanza kuziyeyusha wakati askari wanapiga maguu barabarani. Dhahabu haiyeyuki kwa haraka. Alihangaika nayo mpaka ikawa maji ya rangi ya machungwa ndani ya chupa.

Akaweka chupa kwa rafu katikati ya makopo mengine ya maabara. Wanazi wakaja, wakapekua jengo, wakaondoka. Hakuna aliyejua dhahabu ilikuwa inawatazama.

Mwaka wa 1943 hali ya Wayahudi Denmark ikawa mbaya kabisa, na Hevesy akahepa hadi Uswidi. Vita vilipoisha, chupa ilikuwa bado kwa rafu. Dhahabu ikatolewa kwa asidi, ikapelekwa Stockholm mwaka wa 1950, na medali zikachongwa upya kwa wenyewe.

Hevesy naye akapata yake. Nobel ya Kemia ya 1943, iliyotangazwa mwaka wa 1944, ilienda kwake kwa kazi ya kutumia isotopu kama makachero. Baadaye akapata tuzo ya Atomi kwa Amani. Alifariki tarehe 5 Julai 1966 huko Freiburg akiwa na miaka 80, na mwaka wa 2001 mabaki yake yakarudishwa nyumbani Budapest.

Kachero aingia mapafuni

Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka wa 1976, wanasayansi wa Marekani waliingiza kwa mwili wa binadamu sukari iliyofungwa kengele ya florini-18. Inaitwa FDG. Saratani hula sukari kwa pupa, kwa hiyo FDG hujazana pale uvimbe ulipo. Kila atomi ya florini-18 ikivunjika hutoa positroni, positroni ikagongana na elektroni, na papo hapo miale miwili ya gama huruka pande mbili tofauti. Mashine ya PET, iliyo kama duara kubwa, hunasa miale hiyo pande zote mbili na kuchora mahali ilipotoka. Ni kengele ile ile ya Hevesy, ila sasa inaonekana kwa skrini.

Hata hivyo FDG ina udhaifu ambao sisi wa Kenya lazima tuujue: kidonda cha TB nacho hula sukari. Kwa picha ya FDG, TB na saratani ya mapafu zinaweza kuwaka zote sawa.

Na kuna swali lingine gumu zaidi. Saratani za mapafu hazifanani. Mwaka wa 2004 wanasayansi walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabadiliko kwenye jeni inayoitwa EGFR. Hiyo jeni hutengeneza kipokezi kinachokaa juu ya seli na kupokea amri ya kukua. Ikiharibika, ni kama swichi ya taa iliyokwama, seli inakua usiku na mchana. Mabadiliko haya huonekana zaidi kwa watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Habari njema ni kwamba kuna tembe za kuzima hiyo swichi, kama erlotinib na osimertinib. Mgonjwa asiye na mabadiliko hayo, tembe hazimfai. Mwenye nayo, zinaweza kumpa muda mrefu wa maisha mazuri.

Kwa hivyo daktari anahitaji kujua jeni. Njia ya kawaida ni kudunga sindano kifuani, kutoa kipande cha uvimbe na kukipima, au kupima damu. Lakini sindano inagusa sehemu moja tu. Uvimbe mwingine uko pabaya, karibu na moyo au mshipa mkubwa. Na saratani ni mjanja: ukiipiga na tembe, baada ya muda inaweza kubadilisha jeni tena ili dawa isishike.

Hapa ndipo watafiti wakamkumbuka Hevesy. Wakachukua tembe yenyewe, mfano erlotinib, na kubadilisha atomi moja ya kaboni kwa kaboni-11 yenye mionzi. Namba ni ile ile, kadi ni tofauti. Dawa haijui imeswapiwa, na seli pia haijui. Dawa inaenda kushika pale kipokezi kilichoharibika kilipo, na mashine inaona panapowaka. Watafiti wa Denmark na Uholanzi wameijaribu kwa wagonjwa, na China nayo ikatengeneza kachero wake kwa florini-18. Picha inaonyesha mwili mzima kwa pamoja, uvimbe wote, kwa siku hiyo hiyo.

Tusidanganyane: hii bado ni kazi ya utafiti. Hakuna hospitali itakayokuchagulia tembe kwa hiyo picha peke yake. Kipande cha uvimbe na damu bado ndio mashahidi wakuu.

Kutoka Nairobi mpaka Mulot

Kenya haiko gizani. Aga Khan University Hospital Nairobi ilileta PET na saiklotroni, ile mashine ya kutengeneza isotopu, mwaka wa 2018. Hospitali ya rufaa ya Kenyatta University nayo ina saiklotroni yake. Kwa hivyo ile kengele ya Hevesy inatengenezwa hapa hapa.

Lakini kengele hizi zinazima haraka. Florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Kaboni-11 hupungua nusu kila dakika 20. Piga hesabu: gari likitoka Nairobi na mzigo, lipite Narok, lifike Mulot baada ya saa tatu na dakika 40, florini iliyobaki ni robo. Kaboni haijabaki hata moja kwa elfu. Huwezi kumletea mgonjwa wa Mulot hiyo dawa. Yeye ndiye lazima apande gari.

Na kabla apande, lazima mtu amwambie kuna sababu ya kupanda. Hapo ndipo watu wanapotea. Mzae anakohoa, anapewa dawa ya kikohozi. Anaendelea, anaanzishiwa dawa za TB, maana TB ndiyo tunaijua. Miezi sita inaisha, bado anakohoa, amekonda, na sasa anatema damu. Akifika mahali pa kupimwa saratani, imeshasambaa. Madaktari wa Kenya wamelia na hii stori kwa miaka.

Watu wa Bomet wanaijua saratani vizuri. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka wa 1937, imejulikana kwa miaka mingi kwa kutibu saratani ya umio, ambayo imewasumbua sana watu wa eneo hilo. Hospitali hiyo inafanya hata upasuaji wa kifua. Karibu zaidi na Mulot kuna hospitali ya kaunti pale Longisa. Kwa hivyo mlango wa kwanza hauko mbali.

Na usijipe moyo kwamba wewe huvuti fegi. Sigara ndiyo adui namba moja, hilo halina ubishi, lakini kuna watu hawajawahi kushika hata moja na mapafu yao yanapata saratani. Mathe na kogo wanaopika kwa kuni ndani ya jikoni lisilo na dirisha nao wanameza moshi kila siku, na wataalamu wanaushuku huo moshi pia.

Basi shika hii kabla hujafunga simu. Kikohozi kikipita wiki mbili, mtu apimwe. Makohozi yakipimwa na TB isionekane, au dawa za TB zikiisha na kikohozi kibaki, uliza picha ya kifua na uliza rufaa. Mtu akiambiwa ana saratani ya mapafu, uliza swali moja ambalo wengi hawalijui: je, jeni imepimwa? Hilo swali linaweza kubadilisha dawa atakayopewa.

Hevesy alishindwa na job aliyopewa, lakini hakuacha kuuliza kwa nini. Kijana wa Mulot akimpeleka mzae wake Longisa mapema na akakataa kuondoka bila jibu, anafanya kazi ile ile ya kachero, na mwenzake wa karibu anaweza kupona kwa sababu yake.